Nimpeleke mtoto hospitali baba yake akiwa mlimani?

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua, hapa Moshi mjini. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Msimu ukichanganya, kuanzia mwezi wa sita, anashuka leo, anafua nguo, keshokutwa anapanda tena. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wetu wa pili, wa kiume. Ana miaka 2 na miezi 7 na haongei.

Nisiseme haongei kabisa. Ana maneno yake. Mama, baba, "maa" akitaka maji, "bebe" akiona mtoto mdogo, "buu" ni pikipiki, na "mm-mm" ni kukataa. Zaidi ya hapo ni kunivuta gauni. Akitaka chai ananishika mkono ananipeleka mpaka kwenye chupa, anaigonga, kisha ananiangalia usoni. Dada yake alipokuwa na umri huu alikuwa anawasimulia majirani tumekula nini.

Mwanzoni sikuhangaika. Mama mkwe wangu yuko Kibosho, aliniambia hata baba yake alianza kuongea akiwa na miaka 4, na leo anaongea na wageni kwa Kiingereza siku nzima. Nikapoa. Lakini nilipompeleka kliniki kupima uzito, nesi akaniuliza kama anaunganisha maneno. Nikasema hapana. Akaandika kwenye kadi kwamba apimwe masikio.

Nilipomwonyesha mume wangu ile kadi alikasirika ambavyo sijawahi kumwona. Akasema mtoto anageuka kila pikipiki ikipita, masikio mabovu yametoka wapi? Akasema hospitali watampa mtoto jina, na jina likishaandikwa halifutiki, litamfuata mpaka shule. Tusubiri afikishe miaka 3. Tangu siku hiyo nikiligusa jambo hili anatoka nje.

Na ni kweli pikipiki ikipita anageuka. Nikiwa nashona anapenda kuja kuweka kiganja, au shavu kabisa, kwenye meza ya cherehani inapotetemeka, anacheka mwenyewe. Lakini nikiwa jikoni nikamwita jina lake, naweza kuita mpaka nichoke. Siku nyingine anaitika mara moja. Baba yake anasema ni ukaidi, na kwamba amelewa simu. Simu kweli anaangalia sana, maana nikiwa na nguo za watu siwezi kumwacha azunguke karibu na pasi na mkasi.

Jirani yangu mmoja akaniambia huyu mtoto ana usonji (autism). Sikulala usiku ule. Mbona anacheza? Anaweka udongo kwenye kifuniko, anakoroga, ananiletea nile, na nisipojifanya nakula anakasirika. Ndege ikipita ananionyesha kwa kidole.

Mama mkwe naye ana yake. Juzi alimfungua mdomo kwa kijiko akasema ulimi umeshikwa chini na kimeo ni kirefu, na kule kijijini kuna mzee anakata vyote kwa siku moja. Tena anasema tunamchanganya mtoto: yeye anamsemesha Kichagga, sisi Kiswahili, katuni za kwenye simu Kiingereza. Na kituo cha kulelea watoto hapa mtaani walinijibu nimlete akishaanza kuongea.

Mengine ni madogo. Anakoroma usiku kama mtu mzima, na mafua ya baridi hii hayamwishi, ila silo lililonifanya niandike.

Wiki ijayo mume wangu anapanda. Nimeweka hela pembeni ya kwenda KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi. Nimpeleke kimyakimya kabla hajashuka, au nisubiri kama anavyotaka? Nikienda akajua, nitakuwa nimemdharau ndani ya nyumba yake. Nisipokwenda, na baadaye nikaambiwa nimechelewa, nitajisamehe vipi? Au kosa ni langu, kwa kurudi kwenye cherehani mtoto akiwa bado mdogo?

Mama wa Pasua

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako, nikairudia, kwa sababu yapo mambo uliyoyaita madogo ambayo mimi nimeyaona makubwa kuliko yale yaliyokunyima usingizi. Nitafika huko.

Nilivyokuelewa ni hivi. Mtoto ana maneno machache na hayaunganishi. Nesi anataka masikio yapimwe. Baba yake anaogopa mtoto kupewa jina, bibi ana tiba yake kijijini, jirani ana ugonjwa wake mdomoni, na wewe katikati yao umebakiza njia mbili tu: siri au kusubiri. Kwangu njia ni zaidi ya mbili. Lakini tuanze na mtoto mwenyewe.

Watoto hawaanzi kuongea siku moja, na wanaopishana kwa miezi kadhaa wote wanaweza kuwa wazima. Hata hivyo ipo mipaka ambayo wahudumu wa afya huitazama. Kufikia miaka 2 watoto wengi wanaunganisha maneno mawili, "mama njoo", "baba kaenda". Kufikia miaka 2 na nusu wengi wana maneno kama 50, hata yakiwa yametamkwa ovyo, hata yakiwa nusu Kiswahili nusu Kichagga, yote yanahesabiwa. Kwa hiyo nesi hakukutisha bure. Mwanao amechelewa. Kulisema hivyo si kumtukana, na hakutuambii sababu ni nini wala kesho yake itakuwaje. Watoto wengi wanaochelewa katika umri wa miaka 2 huwafikia wenzao wenyewe. Tatizo ni kwamba ukiwaangalia leo hakuna anayeweza kukuonyesha huyu atafika mwenyewe na yule atabaki nyuma. Ndiyo maana nasita ninaposikia "tusubiri" bila kitu kingine pembeni yake. Kusubiri huku mtoto amepimwa na nyumbani mnamsaidia ni jambo jingine kabisa.

Sasa pikipiki. Hoja ya mwenzio si ya kijinga. Anageuka, kwa hiyo anasikia. Ila kusikia si kama taa, kwamba ama inawaka ama imezimika. Pikipiki ina mngurumo mzito tena wenye nguvu. Mtoto anaweza kuusikia huo, akasikia na mlango ukibamizwa, na bado akapitwa na zile sauti nyembamba ambazo ndizo zinazotenganisha maneno: s, sh, f, t, k. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa "kachukue sufuria" linamfikia nusu, na nusu hiyo hawezi kuirudisha ikiwa nzima.

Umeniambia pia anapenda kuweka kiganja na shavu kwenye meza ya cherehani. Watoto wenye masikio mazima nao wanapenda mtikisiko, kwa hiyo usiende kulia ukasema nimemwita kiziwi. Nasema lichukue ukamweleze daktari. Na angalia maneno yake: mama, baba, maa, bebe, buu. Yote yameanzia midomoni, ni sauti ambazo mtoto anaziona usoni mwako hata asipozisikia vizuri. Hizo hizo ndizo watoto wote huanza nazo, kwa hiyo peke yake hazithibitishi kitu. Lakini ziweke pamoja na lile jina linaloitwa kutoka jikoni bila jibu, utaona nesi alifikiri nini.

Halafu ukaandika, kama mtu anayeomba radhi, kwamba anakoroma na mafua hayamwishi. Mwanangu, hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Nyuma ya pua mtoto ana nyama ambazo zikivimba huziba njia ya hewa. Watu hapa huziita nyama za puani. Mtoto analala mdomo wazi, anakoroma, pua haikauki. Nyama hizo zinaweza pia kuziba kijia kinachopeleka hewa nyuma ya ngoma ya sikio, na hewa isipopita, majimaji hujikusanya pale. Sikio halitoi usaha, mara nyingi mtoto halii, homa hana, ukimwangalia kwa nje ni safi kabisa. Ila sauti zinamfikia zimefifia. Mafua yakizidi anasikia kidogo, yakipungua anasikia vizuri zaidi. Mtoto wa hivyo leo ataitika, kesho hataitika, na baba yake ataona ukaidi. Huenda nyote wawili mmekuwa mkisema kweli, ila kila mmoja na siku yake.

Siwezi kusema hilo ndilo la mwanao. Atakayesema ni anayemulika sikio. Ninachotaka ujue ni kwamba lipo, ni la kawaida sana kwa watoto wa umri huu, na mara nyingi majimaji hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, ndiyo maana daktari anaweza kumwangalia akasema rudi tupime tena. Yakigoma yana matibabu. Na kama usikivu umepungua moja kwa moja, napo kuna msaada, kuanzia vifaa vya kuvaa sikioni mpaka vile vya kupandikiza ambavyo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuviweka 2017. Vyote hivyo humsaidia mtoto zaidi akianza mapema, katika miaka hii ambayo ubongo unajifunza lugha kwa kasi.

Kupimwa hakuumi. Mtoto mdogo anaweza kupimwa akiwa amelala: kifaa laini kinawekwa sikioni, kinatoa mlio, mashine inasoma sikio linavyoitikia. Hatakiwi kujua kuongea. KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Kama mna bima, uliza kwanza kama inataka barua ya rufaa, na kama inataka, anzia kituo chenu cha afya au hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Sera ya serikali ni kwamba watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo kwenye vituo vya umma, lakini ulizia gharama kabla hujaondoka nyumbani, na ukikwama hela omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Usione aibu, kazi yake ni hiyo.

Kuhusu usonji, jirani yako huenda ameona unavyovutwa mkono, maana hilo ni mojawapo ya mambo yanayotajwa. Mimi nimetazama kilichofuata: anagonga chupa, kisha anakuangalia usoni. Anakuonyesha ndege ili nawe uione. Anakupikia udongo na anakasirika usipojifanya unakula. Kushirikiana namna hiyo ndiko wataalamu wanakokutafuta, na kunatia moyo. Lakini sitaki nikufungie mlango ambao daktari anaweza kutaka kuufungua, kwa sababu kutoitika jina nako wanakuangalia, ingawa kwa mwanao masikio yanaweza kuwa ndiyo jibu. Pima masikio kwanza, mengine yatafuata mpangilio wake. Na hata ingekuwa usonji, haukuletwa na cherehani yako, wala simu, wala chanjo. Kuna jambo moja tu ambalo ningekuomba usilisubirishe hata wiki: ukiona anapoteza maneno aliyokuwa nayo, au anaacha kukuangalia na kucheza nawe kama alivyozoea. Hapo mpeleke, uwe msimu au usiwe msimu.

Kisha ulimi. Hapa nitasema wazi. Ulimi ulioshikwa chini unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na mara nyingine kumharibia baadhi ya matamshi. Hauwezi kumnyima maneno. Mwenye ulimi huo angekuambia "maji" vibaya, angekuambia na mengine hamsini vibaya vilevile. Kimeo ndicho kabisa hakihusiki na kuongea. Kukikata kwa wembe kijijini kunaleta damu isiyokatika, maambukizi, hata pepopunda, na watoto wamekufa kwa hilo. Kama ulimi unampa bibi wasiwasi, daktari atakayemwangalia koo atauangalia na wenyewe, tena bila wembe. Mwambie mama mkwe hivyo hivyo, kwa heshima, na mtoto asiende Kibosho peke yake mpaka mmeelewana.

Lugha mbili tatu hazimcheleweshi mtoto. Watoto wa mkoa huu wamekua na Kichagga cha bibi na Kiswahili cha mtaani tangu zamani na wameongea vyote. Bibi aendelee kumsemesha Kichagga, ndiyo lugha anayoimudu kwa mapenzi yote. Kiingereza cha katuni ni jambo tofauti kwa sababu katuni haimsubiri mtoto ajibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: chini ya miaka 2 bora asikae mbele ya kioo, na kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Najua una mkasi na pasi na wateja wanaotaka nguo Jumamosi. Sikuambii uifiche simu kesho asubuhi. Nakuomba upunguze, na muda utakaoupata umrudishie yeye.

Nitakupa namna, kwa kazi yako hiyo hiyo. Mkalishe mahali unapomwona na anapouona uso wako, mpe vitambaa vilivyobaki na vibao vya nyuzi vilivyoisha. Vifungo usimpe, atameza. Sema unachofanya kwa maneno mafupi: "nakata", "kitambaa chekundu", "uzi umekatika". Akichukua kitu, wewe taja anachokitazama, usimvute kwenye unachotaka wewe. Akisema "buu", usimwambie sema pi-ki-pi-ki. Mwambie, "Eeh, pikipiki! Pikipiki imepita." Akikupeleka kwenye chupa ya chai, chuchumaa, muulize, "Chai au maji?" huku umeshika vyote viwili, halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wazazi wengi hatuwezi kunyamaza, tunajibu wenyewe, na mtoto anajifunza kwamba hakuna haja. Akijibu kwa kidole, sema wewe "chai", umpe. Usimnyime mpaka atamke, utamfundisha kulia. Na zima redio mkiwa mnaongea naye. Kama anasikia kwa shida, kelele za nyuma zinammaliza kabisa.

Kituo kilichokuambia umlete akishaongea kimekosea, kwa maoni yangu. Kuwa na watoto wenzake kunamsaidia. Tafuta kingine chenye watoto wachache, na mlezi anayeinama chini kuongea nao.

Umeuliza kama kosa ni lako kwa kurudi kazini. Watoto wa mafundi, wa wauza ndizi na wa wakulima wameongea mama zao wakiwa kazini. Na wewe uko naye barazani kutwa nzima. Huo mzigo uweke chini.

Nimemwacha mwenzio mwisho kwa sababu ndiko kwenye ugumu wenyewe.

Ukienda kwa siri, faida yake naiona: wiki moja, jibu mkononi. Lakini fikiria ukiambiwa kuna majimaji, mrudi baada ya miezi mitatu. Au apewe kifaa cha kuvaa. Utakificha wapi? Jambo la mtoto wa namna hii ni safari nyingi, na utamhitaji baba yake katika karibu zote, kwa hela, kwa kumshika mtoto, kwa kuzoea kumsemesha akiwa ana kwa ana naye. Siri inaweza kukupa safari ya kwanza ikakunyima zilizobaki. Ukisubiri miaka 3, nyumba itatulia, ila mtoto atakuwa amepitisha miezi mitano mingine ya kujifunza akiwa na masikio ambayo hakuna aliyeyaangalia. Kama ni mazima, hakuna kubwa lililoharibika. Kama si mazima, miezi hiyo hairudi.

Kuna njia ya kwenda akiwa mlimani lakini akiwa anajua. Umwambie kabla hajapanda, bila neno "kuongea", kwa sababu neno hilo ndilo linalomtoa nje: "Mtoto anakoroma, wewe mwenyewe unamsikia usiku, mafua hayamwishi. Alhamisi nampeleka waangalie pua na masikio." Huo si ujanja, ni kweli tupu, na kipimo hicho hakimpi mtoto jina lolote. Kinasema anasikia, au hasikii vizuri, au kuna majimaji. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa hata hilo, na hapo utajikuta umekwenda baada ya kuambiwa usiende, jambo zito kuliko kwenda bila kuuliza. Njia nyingine ni kumwachia yeye: asipande na kundi moja, au akishuka ampeleke mwenyewe, wewe ubaki na kazi. Wapo baba waliogoma nyumbani wakawa wa kwanza kuuliza maswali mbele ya daktari. Ipo pia ya kumtumia mtu anayemsikiliza, kaka yake au mwongozaji mwenzake mwenye watoto. Hiyo ipime sana. Kama atahisi mambo ya mwanawe yamesambaa, utakuwa umeongeza hofu ile ile.

Na hofu hiyo nakuomba uitazame tena. Umeichukua kuwa ni ukali. Mama yake anasema aliongea akiwa na miaka 4. Maana yake ni kwamba alikuwa mtoto asiyeongea katikati ya watoto wanaoongea. Umewahi kumuuliza wenzake walikuwa wanamwitaje? Walimu je? Anaposema jina halifutiki, inawezekana hasemi habari za kadi. Sina hakika, wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Lakini kama nikiwa wewe, kabla ya kuongea habari za KCMC ningetafuta jioni moja, akiwa ameshapumzika na miguu imeacha kumuuma, nimuulize hilo tu, nisikilize mpaka amalize. Akitoka nje, mwache, jaribu siku nyingine. Usiligeuze likawa hoja ya kumshinda.

Kisha zungumza na mama mkwe, na usiende kwake kama mtu anayekwenda kupinga wembe peke yake. Ana kitu ambacho daktari atakihitaji. Kuchelewa kuongea kunaweza kuwa katika ukoo, na watu hulitumia hilo kujituliza, lakini kwa mpimaji ni taarifa ya maana, ni sababu ya kumwangalia mtoto kwa makini zaidi. Muulize mwanawe alikuwaje. Masikio yalikuwa yanatoka usaha? Alikuwa anakoroma? Kuna mjomba au shangazi asiyesikia vizuri? Alisumbuka kusoma alipoanza shule? Na wewe kumbuka ya kuzaliwa kwa mtoto, maana hukuniandikia: alilia mara moja, alipata umanjano mkali, alilazwa akachomwa sindano za siku nyingi, aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria ya kupanda kichwani? Yaandike kwenye karatasi moja pamoja na maneno yake yote, na mrekodi kwa simu unapomwita kutoka nyuma, siku anayoitika na siku asiyoitika. Kama bibi yuko tayari kushuka mjini siku hiyo, mwache ayaeleze ya mwanawe mwenyewe mbele ya daktari, na la ulimi aliulize yeye.